Zebaki na Kaa wa Mito ya Dhahabu

Katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, neno "mwalo" lina maana mbili. Kwa mvuvi ni mahali ufukoni ambapo mitumbwi huegeshwa na samaki hupimwa. Kwa mchimbaji mdogo ni mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu. Kote kuwili yapo maji, na maji ndiyo yachukuayo zebaki.

Zebaki ni metali pekee iliyo kiowevu katika halijoto ya kawaida, nayo ina uzito upatao mara 13.5 wa uzito wa maji. Mchimbaji huitumia kwa sababu hushikamana na chembe za dhahabu. Mawe husagwa katika karasha, unga wake huoshwa juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye mteremko, kisha mchanga mzito uliosalia huchanganywa na zebaki ndani ya karai. Donge lipatikanalo huchomwa. Zebaki hutoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo humdhuru kwanza mchomaji mwenyewe na wale walio karibu naye. Zebaki nyingine hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mvua ikinyesha huteremka nao hadi vijitoni.

Huko, katika tope, huishi viumbe wa jamii ya krasteshia: kaa wa maji baridi, na uduvi mdogo wa Ziwa Viktoria aitwaye kitaalamu Caridina nilotica. Si metali zote nzito zilizo adui kwa viumbe hawa. Damu ya kaa ina shaba mahali ambapo damu ya binadamu ina chuma, ndiyo maana huonekana ya samawati ikikutana na hewa. Basi mwili wake una protini maalumu za kuhifadhi shaba na zinki, na protini hizo hizo huweza kuikamata zebaki na kuizuia isidhuru. Lakini ghala hilo lina kiasi chake. Likijaa, zebaki hujishikiza kwenye salfa iliyomo ndani ya vimeng'enya, navyo hushindwa kufanya kazi.

Madhara huanzia katika matamvua. Maji ya mtoni yana chumvi chache kuliko damu ya kaa, na matamvua, mbali na kuvuta hewa, hufanya kazi ya kurudisha chumvi mwilini bila kukoma. Zebaki ikivuruga kazi hiyo, kaa hupoteza chumvi, hulegea, na hatimaye hufa. Hatari huzidi anapojivua gamba, kwa maana siku hizo ngozi yake ni laini na hupenyeka kwa urahisi. Wachanga huathirika upesi kuliko wakubwa.

Kaa asipokufa, mambo hayajaisha. Bakteria waishio katika tope lisilo na hewa hugeuza sehemu ya zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo viumbe huinyonya kwa urahisi na kuitoa kwa shida. Uduvi hula mabaki ya topeni, sangara humla uduvi, na mtu humla sangara. Kila hatua sumu huongezeka. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wavuvi na jamaa zao walipooza na kufa kwa kula samaki na chaza wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda.

Ni kosa, hata hivyo, kuwatisha watu wasile samaki wa Ziwa Viktoria. Wengi waliopimwa walikuwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo. Udongo mwekundu wa nchi hiyo huishika zebaki kwa nguvu, nayo haiendi mbali upesi. Penye mashaka ni karibu na machimbo yenyewe: uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, wilayani Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuta samaki waliozidi kikomo hicho.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini karai bado lipo kazini. Tena si maji yote ya Geita yaingiayo Ziwa Viktoria. Vijito vya Rwamagasa huelekea mto Nikonga, kisha Malagarasi, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, makao ya aina za kaa wasiopatikana mahali pengine popote duniani.