Askofu wa Myra na Zawadi za Desemba

Kila ifikapo Desemba, yule mzee wa joho jekundu na ndevu nyeupe huingia nchini pamoja na shehena nyingine za bandarini, akiwa amechapwa juu ya kadi na makasha ya biskuti. Hupandishwa barabara ya Morogoro, akapita Misugusugu katika jua lisilomruhusu mtu kuvaa hata koti, sembuse joho la manyoya. Wengi wa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia humwona kuwa mgeni wa nchi za theluji asiyewahusu ndewe wala sikio. Kwa mzee wa kwenye kadi, wana haki. Kwa mtu aliyekuwako kabla yake, yafaa tusubiri kidogo.

Mtu huyo alikuwa Nikolao, askofu wa mji wa Myra katika karne ya nne. Myra ulikuwa pwani ya kusini ya nchi iitwayo leo Uturuki, penye machungwa na joto, na mahali pake leo pana mji wa Demre. Bandari yake, Andriake, ilipokea merikebu za ngano zitokazo Misri. Alikuwa mtu wa pwani, basi, na mabaharia ndio waliomfanya wao kuliko watu wengine wote. Hata mifupa yake ilichukuliwa na mabaharia wa Bari, Italia, mwaka 1087. Huku kwetu Afrika Mashariki jina lake limo katika kanisa kuu la Waorthodoksi la Namungoona, Kampala.

Kisa cha kale kuliko vyote kinachosimuliwa juu yake hakina zawadi ndani yake. Kina rushwa. Yasimuliwa kwamba liwali Eustathius aliwahukumu kifo raia watatu wasio na hatia, baada ya kupokea mali. Askofu alipopashwa habari alikwenda mbio hadi uwanja wa mauaji, akamnyang'anya mchinjaji upanga, kisha akaenda kugonga mlango wa liwali. Liwali, kama ilivyo desturi ya wakubwa wanaposhikwa pabaya, aliwasingizia wakubwa wawili wa mji. Askofu akamjibu kwamba waliofanya kazi ile ni fedha na dhahabu.

Kisa kingine kingefaa kusomwa na kila mtumishi wa Serikali aliyekabidhiwa kalamu na mizani. Njaa iliingia Myra, na bandarini zimetia nanga merikebu za ngano ya Serikali. Nikolao aliomba vipimo mia moja kutoka kila chombo. Manahodha walisita, na twawaelewa: shehena ilikwisha pimwa Iskandaria, nayo ingepimwa tena Konstantinopoli, na upungufu ungekuwa juu ya shingo zao. Dereva yeyote wa lori la mizigo ipitayo nchini kwenda nchi jirani, anayesimama katika kituo cha ukaguzi cha Misugusugu na makaratasi mkononi, aijua hofu hiyo. Masimulizi yasema walitoa ngano, na ilipopimwa kule mwisho wa safari haikupungua. Muujiza huo kila msomaji na auamini kwa kadiri ya dini yake. Linalotuhusu sisi ni kwamba ngano ilitolewa mchana, mbele ya watu, kwa wenye njaa, na hapana askofu wala nahodha aliyejaza ghala lake.

Twalisema hili kwa kuwa Desemba ndiyo mwezi wa vikapu. Kikapu hufika ofisini kikiwa na mchele, mafuta na kadi ya heri, kimeletwa na mtu ambaye faili lake lingali mezani. Ahadi za mwanachama wa TANU zilikataza kutoa na kupokea rushwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 na ile ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 zikafuata, na Zanzibar nayo ikatunga yake mwaka 2012. Maneno ya sheria hayapungui. Kipungukacho ni ujasiri wa karani kukirudisha kikapu bila kumwonea haya mletaji.

Jinsi askofu alivyogeuka kuwa mzee wa kwenye kadi si kisa kirefu. Waholanzi walimwita Sinterklaas, Wamarekani wakalichukua jina, mchoraji Thomas Nast akamnenepesha kuanzia miaka ya 1860, na matangazo ya biashara yakamaliza kazi.

Zawadi ya kweli Kibaha inaijua. Denmark, Finland, Norwe na Uswidi, nchi za theluji hasa, zilijenga hapa katika miaka ya 1960 shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima, na mwaka 1970 zikayakabidhi yote kwa Serikali yetu. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha.

Naye Nikolao zawadi yake mashuhuri aliitoa usiku. Jirani yake alifilisika, ana binti watatu wasio na mahari, na alikuwa karibu kuwatia katika biashara ya aibu. Nikolao alirusha mfuko wa dhahabu dirishani. Binti wa kwanza akaolewa. Akarusha wa pili. Injili ya Mathayo na Hadithi ya Mtume zote zasifu sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui iliyotolewa na wa kuume, na hivyo ndivyo alivyotaka iwe. Lakini usiku wa tatu baba wa mabinti hakulala. Aliposikia mfuko ukianguka alitoka mbio, akamkamata mtoaji gizani, akamtambua. Nikolao akamwapisha asimwambie mtu yeyote maadamu yeye yu hai.