Chora Kiwanja Kabla ya Kuchimba Msingi

Watu wengi wa pwani hujenga nyumba ya kudumu mara moja tu katika maisha yao. Hukusanya fedha kwa miaka mingi. Mmoja huuza nazi. Mwingine huuza samaki, au mwani. Matofali hununuliwa kidogo kidogo. Kisha siku moja fundi anaitwa. Anapiga vigingi, anafunga kamba, na kazi ya kuchimba msingi inaanza.

Hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Ukuta unaingia katika kiwanja cha jirani. Choo kinachimbwa karibu na kisima. Nyumba inaziba njia ya watu. Au nyumba inajengwa mahali ambapo bahari hufika. Makosa haya hayaonekani siku ya kwanza. Yanaonekana wakati nyumba imekwisha, na fedha nazo zimekwisha.

Njia ya kuyaepuka ni kuwa na ramani ya kiwanja kabla ya kuanza kazi. Kosa lililo katika karatasi hufutwa kwa raba. Kosa lililo katika ardhi hubomolewa kwa nyundo.

RAMANI YA KIWANJA NI NINI?

Ramani ya nyumba na ramani ya kiwanja ni vitu viwili. Ramani ya nyumba inaonyesha vyumba, milango na madirisha. Ramani ya kiwanja inaonyesha mahali nyumba itakapokaa ndani ya kiwanja. Ni kama ndege anavyokiona kiwanja akiwa juu.

Ramani nzuri ya kiwanja inaonyesha mambo haya:

1. Namba ya kiwanja, jina la mwenye kiwanja, na jina la mchoraji.
2. Mipaka yote, na urefu wa kila mpaka.
3. Mahali pa nyumba, na umbali kutoka kila ukuta hadi mpaka.
4. Barabara au njia ya kuingilia.
5. Choo, shimo la maji machafu na kisima.
6. Viwanja vya jirani vinavyopakana nawe.
7. Mshale unaoonyesha kaskazini.

NANI ANATAKIWA KUPATA KIBALI?

Kibali cha ujenzi hutolewa na Halmashauri. Kinatakiwa mijini, katika miji midogo, na katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango miji. Siku hizi vijiji vingi vya mikoa ya Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara vinakua na kugeuka miji midogo. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa kijijini anaweza kukuta kwamba leo yumo katika eneo la mipango miji.

Usikisie. Nenda kwanza katika ofisi ya kijiji au ya mtaa. Uliza: "Eneo letu liko chini ya mpango gani?" Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hata kama kijijini kwako hakihitajiki kibali cha mjini, ramani ya kiwanja itakufaa. Kisima na bahari havijui kama mahali ni kijiji au mji.

ANZA NA MAWE YA MPAKA

Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya mpaka katika pembe zake. Wengine huyaita bikoni. Kabla ya kuchora chochote, yatafute mawe hayo. Fyeka majani. Waite majirani washuhudie. Kama jiwe moja halionekani, usipande jingine kwa kukisia. Mwite mpima ardhi wa Halmashauri. Na usisogeze jiwe hata kidogo.

Sasa pima kila upande kwa utepe wa fundi. Andika vipimo katika daftari papo hapo. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa njia ya msalaba. Kama kiwanja ni cha mita 20 kwa 30, na pembe zake ni mraba, kila mstari wa msalaba utakuwa mita 36 na sentimita 6. Kama mistari miwili haiko sawa, pembe za kiwanja zimekaa upande. Hilo si kosa lako. Lakini usichore kiwanja kana kwamba kimenyooka. Fuata mawe yalivyo.

MITA KUWA SENTIMITA

Kiwanja cha mita 30 hakiwezi kuingia katika karatasi. Kwa hiyo tunakipunguza. Tunasema: kila sentimita 1 ya karatasi ni mita 2 za ardhi. Wataalamu huita kipimo hiki skeli ya 1 kwa 200, kwa sababu mita 2 ni sentimita 200.

Hesabu yake ni rahisi. Gawa mita kwa 2, utapata sentimita. Mita 20 zinakuwa sentimita 10. Mita 30 zinakuwa sentimita 15. Ukitaka kurudi, zidisha kwa 2. Chukua rula, penseli na karatasi, tuchore pamoja.

MFANO WA MVUVI MMOJA

Tuseme mvuvi mmoja wa pwani ya Tanga amepata kiwanja katika mji mdogo. Kiwanja kina upana wa mita 20 kutoka magharibi kwenda mashariki. Kina urefu wa mita 30 kutoka kusini kwenda kaskazini. Barabara iko upande wa kusini. Bahari iko mashariki, mbali kidogo. Anataka nyumba ya upana wa mita 9 na urefu wa mita 12.

Anachora kiwanja: sentimita 10 kwa 15. Anachora nyumba: sentimita 4 na nusu kwa 6. Anaiweka nyumba sentimita 3 kutoka barabarani, yaani mita 6. Upande wa mashariki anaacha sentimita 1 na nusu, yaani mita 3. Upande wa magharibi zinabaki sentimita 4, yaani mita 8. Nyuma zinabaki sentimita 6, yaani mita 12. Umbali huu ni wa mfano tu. Halmashauri yako itakuambia umbali unaotakiwa katika eneo lako.

Sasa anafika kwenye choo. Anaweka shimo nyuma ya nyumba, katika pembe ya kaskazini-mashariki, ili wageni wasilione. Lipo mita 2 kutoka mpaka wa mashariki, na mita 3 kutoka mpaka wa kaskazini. Anafurahi. Anampelekea Bwana Afya ramani yake.

"Shikamoo mzee," anasema Bwana Afya.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea ramani yangu. Nataka kuchimba wiki ijayo."

Bwana Afya anaitazama kwa muda mrefu. "Umechora vizuri, mzee. Lakini sioni kisima."

"Mimi sina kisima. Kisima ni cha jirani yangu wa mashariki."

"Kiko wapi?"

"Kiko mita 6 tu ng'ambo ya mpaka. Kinaelekeana na shimo langu."

"Basi kichore, mzee."

Mvuvi anakasirika kidogo. "Mwanangu, kisima ni chake, kiko kwake. Choo ni changu, kiko kwangu. Kuna ugomvi gani hapo?"

"Mpaka humzuia mtu," anajibu Bwana Afya. "Hauzuii maji yaliyo chini ya ardhi."

Mvuvi anachukua rula. Kutoka mpakani anapima sentimita 3 upande wa jirani, na kuweka alama ya kisima. Kisha anapima kutoka kisimani hadi shimoni. Anapata sentimita 4. Ni mita 8 tu! Anakaa kimya. Kisima kile kinatumiwa na nyumba kadhaa. Hata wajukuu wake hunywa maji yake.

Maafisa afya hushauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Huku pwani jambo hili lina uzito zaidi. Ardhi yetu ni mchanga, au mawe ya matumbawe yenye nyufa. Maji machafu hupita humo upesi, bila kuchujwa vizuri. Na maji ya kisima mara nyingi hayako chini sana. Uchafu wa choo ukifika kisimani huleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu.

"Nitaliweka wapi basi?" anauliza mvuvi. "Kiwanja chenyewe ni kidogo."

"Jaribu pembe ya kusini-magharibi," anasema Bwana Afya.

Mvuvi anafuta kwa raba. Anaweka shimo mita 2 kutoka mpaka wa magharibi, na mita 7 kutoka barabarani. Anapima tena hadi kisimani. Sasa anapata sentimita 15 na nusu na kidogo. Ni mita 31. Limekubali. Lakini kabla ya kuondoka, Bwana Afya anamwambia aulize pia kama jirani wa magharibi na yule wa ng'ambo ya barabara wana visima.

Mvuvi amepata faida nyingine mbili. Kwanza, shimo liko karibu na barabara. Siku litakapojaa, gari la kunyonya maji machafu litafika bila kubomoa ukuta. Pili, ni upepo. Katika pwani yetu kaskazi na kusi kwa kawaida huja zikiwa na upande wa mashariki, yaani zinatoka baharini. Choo kikiwa magharibi ya nyumba, harufu haiingii ndani. Ndiyo maana mshale wa kaskazini si pambo. Unakusaidia kujua upepo na jua vitatoka wapi.

BAHARI NAYO ICHORWE

Anayejenga karibu na ufuko lazima aonyeshe bahari katika ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Katazo hilo linahusu pia kingo za mito, maziwa na mabwawa. Nyumba ni kitu cha kudumu.

Usipime bahari wakati maji yamekupwa. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti ya kimo kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3. Ufuko unaoonekana mpana saa za asubuhi unaweza kuwa maji matupu saa za mchana. Ngoja bamvua la mwezi mwandamo au la mwezi mpevu. Tazama mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji. Waulize wazee maji yamewahi kufika wapi. Kisha mwombe afisa wa Halmashauri akuonyeshe mita 60 zinaanzia wapi.

Tena ufuko haukai mahali pamoja. Wakazi wa Pangani wanakijua kisiwa cha Maziwe. Kiliwekwa katika hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na miti, na kasa walipanda huko kutaga mayai. Miaka ya 1980 ilipoanza, miti hiyo ilikuwa imetoweka. Leo Maziwe ni fungu la mchanga, na maji yakijaa sana hulifunika. Kama bahari iliweza kula kisiwa chenye miti, haitaona shida kula ukuta wa nyumba.

Kama kuna mikoko, ichore na uiache. Mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila ruhusa. Mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi.

KUPELEKA MAOMBI

Mchoro wako wa rula hauchukui nafasi ya mchoro wa mtaalamu. Michoro ya kuombea kibali hutengenezwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Lakini ukiwa na mchoro wako, utaweza kumweleza unachotaka. Atakapokuletea kazi yake, utaisoma. Tazama kama ameonyesha mipaka, barabara, shimo na kisima cha jirani. Kama ameacha kitu, mwambie arekebishe kabla hujamlipa.

Kwa kawaida utapeleka fomu ya maombi, michoro ya nyumba, ramani ya kiwanja, na hati au barua ya toleo inayoonyesha kwamba kiwanja ni chako. Utaonyesha pia stakabadhi za kodi ya ardhi. Ulizia idadi ya nakala kabla ya kwenda kuzitoa. Maombi hupitiwa na afisa ardhi, afisa mipango miji, mhandisi na afisa afya.

Ada ya kibali hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa na Halmashauri. Usimpe mtu fedha mkononi. Dai stakabadhi na uitunze. Usianze kujenga kwa kuambiwa tu, "Anza, kibali kinakuja." Ngoja karatasi yenyewe.

Mvuvi wetu alichelewa kuchimba msingi. Lakini ameokoa fedha zake, na ameokoa kisima cha watu. Siku atakapohamia, jirani yake wa mashariki atamkaribisha kwa maji ya kisima kile kile.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ramani ya nyumba na ramani ya kiwanja zina tofauti gani?
2. Kwa skeli ya 1 kwa 200, mita 12 ni sentimita ngapi?
3. Kwa nini mvuvi alitakiwa kuchora kisima ambacho si chake?
4. Katika eneo lenu, bamvua hufika wapi? Kuna nyumba zilizo ndani ya mita 60?
5. Kila mmoja achore kiwanja anachokaa, pamoja na vyoo na visima vya majirani. Pimeni umbali. Mmeona nini?