Kufunga Barua Pepe Zinazoingia

Barua pepe nyingi hufichwa zikiwa njiani tu. Zikishafika kwenye seva hukaa zikisomeka, na anayeitunza seva anaweza kuzipitia. Ni kama sanduku la posta: mteja ana ufunguo wa mlango wa mbele, lakini karani hupanga barua kwa nyuma.

Upande huo wa nyuma huzibwa kwa jozi ya funguo. Ufunguo wa umma hukabidhiwa seva. Kazi yake ni kufunga tu, hauwezi kufungua. Ufunguo wa siri hubaki kwenye simu au kompyuta ya mwenyewe. Kila barua inapoingia, seva huisimba papo hapo na kuhifadhi maandishi yasiyosomeka. Mtumaji hahitaji kujua lolote, na hilo ndilo jambo kubwa hapa. PGP, programu ya kusimba aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991, iliwashinda wengi kwa sababu iliwataka mtumaji na mpokeaji wote wajifunze funguo. Posteo na mailbox.org, kampuni za barua pepe za Berlin, huwafungia wateja barua zinazoingia kwa njia hii.

Dar es Salaam ina sababu ya kulijali jambo hili. Desemba 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu. Kati ya mashtaka yake lilikuwamo la kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Seva isiyoweza kusoma barua za zamani haina maandishi yanayosomeka ya kumkabidhi yeyote.

Hatari ya kila siku iko kwenye steshenari za Mbagala, Tandika au Mwananyamala, ambako mteja hufungua barua pepe ili achapishe barua ya kazi, kisha huondoka bila kuifunga akaunti. Atakayekaa baada yake anaweza kuuzima usimbaji kwa barua zijazo, lakini zilizokwisha kufungwa hatazisoma. Atakachoona ni jina la mtumaji, tarehe na kwa kawaida kichwa cha barua, kwani hivyo havifichwi. Nakala iliyobaki kwa mtumaji nayo hailindwi.

Simu ikipotea pamoja na ufunguo wa siri usio na nakala, barua zote zilizofungwa zimepotea. Hata mtoa huduma hawezi kuzirudisha. Nakala iwekwe kwenye flashi, ilindwe kwa nywila ndefu, na ibaki nyumbani. Ufunguo usiwekwe kamwe kwenye kompyuta ya steshenari: barua ifunguliwe kwenye simu, kisha ihamishwe hati inayochapishwa peke yake.