Asilimia 53 ya tohara si kinga kamili

Utafiti uliohusisha vijana 2,784 Kisumu ulisitishwa kabla ya wakati wake mnamo Desemba 2006, baada ya kubainika kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 53.

Asilimia hiyo haimaanishi kwamba wanaume 53 kati ya 100 wamekingwa kabisa. Ni ulinganisho wa makundi mawili: katika miaka miwili, takriban wanne kati ya kila 100 wasiotahiriwa waliambukizwa, ilhali waliotahiriwa walikuwa wawili.

Washiriki waligawanywa kwa kura, ili tofauti za tabia zao za awali zisipotoshe matokeo.

Hatari ilipungua kwa nusu, wala haikuisha. Aliyepashwa tohara asitupe kondomu.