Viatu vya chuma vya mtoto: tuvitengeneze ao tuviache?

Jumamosi iliyopita, likelemba ilipokwisha, mwenzetu mmoja alifungua kitambaa akatutolea viatu viwili vidogo vya ngozi vilivyoungwa na fimbo ya chuma. Vilikuwa vya mtoto wa jirani yake, ambaye leo anakimbia na wenzake. Mjukuu wa mwenzetu naye amezaliwa na mguu uliopinda kuingia ndani, ule manesi wanauita pie bo. Juma lijalo anatolewa plasta ya mwisho, na siku ileile atapaswa kuvalishwa viatu. Hivi ni vya zamani: mkanda mmoja umekatika, soli imeanza kubanduka, fimbo nayo inaonekana imepinda. Akatuuliza: tuvitengeneze ao tuviache?

Wengi walisema ngozi ni ngozi, fundi wa viatu sokoni ataimaliza kwa saa moja. Mmoja akasema na ile fimbo tuipige nyundo, inyooke.

Hapo tulisimama kwanza. Karibu mtoto 1 kati ya 1.000 anazaliwa hivi, wavulana kuliko wasichana, na si kwa sababu mama yake aliruka kitu ao alikula kitu. (Maneno hayo tumeyasikia hata kisimani. Tuyaache.) Njia ya kuunyoosha mguu bila upasuaji mkubwa ilitoka kwa daktari Ignacio Ponseti, huko Iowa, Marekani: mguu unasogezwa polepole kwa mkono, unafungwa plasta, na plasta inabadilishwa kila juma, mara tano ao sita hivi. Mara nyingi ukano wa kisigino unakatwa kidogo. Kisha vinakuja viatu, usiku na mchana kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu mpaka mtoto afike miaka 4 ao 5.

Viatu havinyooshi mguu. Plasta imekwisha kuunyoosha. Viatu vinauzuia usirudi. Mtoto asipovivaa, ao vikikaa vibaya, mguu unarudi na kazi inaanza upya. Sisi tunaofundisha tunamjua mtoto wa namna hiyo: anakanyaga kwa ubavu wa unyayo, anachelewa kengele kila asubuhi, na mwaka wa tatu haji tena.

Viatu alivyotuletea vinafanana na vile Michiel Steenbeek alivyobuni Uganda, kwa ngozi, mbao na chuma, ili mafundi wa huku kwetu waweze kuvitengeneza. Kwa hiyo mkanda na soli si shida. Fimbo ni jambo lingine. Mguu mgonjwa unatazama nje kwa digrii 60 mpaka 70, mguu mzima 30 mpaka 40, na urefu wa fimbo unalingana na upana wa mabega ya mtoto. Tena fimbo yenyewe inatengenezwa na mkunjo mdogo, ili vidole vielekee juu. Kile tulichodhani ni ubovu huenda ndicho kilichokusudiwa! Nyundo ingetuharibia.

Halafu ukubwa. Kisigino kinapaswa kushuka mpaka chini kabisa. Nyuma ya kiatu kuna tundu la kuchungulia. Kiatu kikiwa kikubwa kisigino kinapanda, kikiwa kidogo kinachubua, na hakuna fundi wa kutengeneza hilo.

Tulikubaliana hivi: fundi ashone mkanda na soli kwa uzi mgumu, asiguse chuma. Siku ya plasta, bibi na mama mtoto watavibeba mpaka Uvira, kine avipime kwenye mguu wenyewe na aiangalie fimbo. Akivikataa, vitarudi kwenye sanduku la chama vikingoje mguu mwingine. Vipya tutavilipa sisi: zamu ya likelemba ya Jumamosi hii ilikuwa ya mama wa mihogo, naye amempisha bibi.

Wenye viatu kama hivyo nyumbani, hata vilivyokatika, msivitupe. Vileteni Jumamosi.