Sindano ya ndorobo inavyomkwamisha kimelea

Wafugaji wa Simbo, kama wenzao wanaopakana na miombo ya Kigoma, wanajua mbung'o wakizidi ng'ombe hukonda. Dukani wataomba Berenil, unga wa njano, au Samorin, unga mwekundu. Namna dawa hizo zinavyoua ni jambo ambalo wauzaji wachache hulieleza.

Kimelea cha nagana, yaani ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huitwa tripanosoma, naye ana mitokondria moja tu. Ndani yake DNA imejikunja kuwa maelfu ya pete ndogo na makumi kadhaa ya pete kubwa, zote zimeshikana kama mkufu. Kabla kimelea hajagawanyika, kila pete ndogo lazima ifunguliwe kutoka kwenye mkufu, inakiliwe, kisha irudishwe. Kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi hukata uzi wa DNA, hupitisha uzi mwingine katika upenyo huo, halafu huunga kilipokata.

Hapo ndipo dawa inapoingia. Diminazini, iliyomo kwenye Berenil, hukaa katika mfereji mwembamba wa DNA, hasa penye herufi nyingi za A na T, na pete hizi zimejaa herufi hizo. Isometamidiamu, yaani Samorin, hujipenyeza katikati ya ngazi za DNA. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Shapiro na Englund, walionyesha kwamba dawa hizo huacha pete ndogo zimekatika bila kuungwa, huku DNA ya kiini ikibaki salama. Kimeng'enya hakidhuriki chenyewe, kinakwama kazini. Naona huu ni ujanja mzuri kuliko sumu inayoua kila seli.

Lakini kimelea hana budi kuimeza dawa kwanza. Akibadili milango ya kuiingizia, hupona, na dozi ndogo humpa nafasi hiyo. Hasara haiishii zizini: ng'ombe anaweza kubeba, bila kuonekana mgonjwa, aina inayoleta malale kwa binadamu.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, usikisie uzito kwa macho. Diminazini ni miligramu 3.5 kwa kila kilo. Ng'ombe wa kilo 200 anahitaji miligramu 700. Pima kwa utepe kifuani, changanya maji kama karatasi ya dawa inavyosema, na usigawe dozi ya mmoja kwa wawili.