Siku Tatu Kando ya Ziwa la Mwadingusha

Wenzetu wa Kenya wana Ziwa Turkana, maji mengi katikati ya jangwa la mawe. Sisi wa Katanga hatuna jangwa, lakini tunacho kiangazi kirefu: mvua hukoma mwezi wa Mei, nyasi huungua, na vumbi jekundu hufunika miembe ya Lubumbashi. Huo ndio wakati unaofaa kwenda kutazama maji.

Tulisafiri mwezi wa Julai, walimu wawili na wanafunzi kumi na wanne. Tulishika barabara ya Likasi, kisha tukageukia upande wa Kapolowe, penye misheni ya zamani ya Wabenedikto, na jioni tukasimamisha hema zetu kando ya ziwa ambalo wengine huliita Tshangalele na wengine Mwadingusha. Vijana wetu wamezoea maji ya bomba na ya kisima. Walipoona maji yanaenea mbele yao hata ng'ambo ikapotea katika moshi wa nyika, walinyamaza wote pamoja, jambo ambalo darasani hatujalipata bado.

Anayetaka kufuata njia hiyo achukue mablanketi mawili, wala asitucheke. Usiku wa Julai katika bonde la Lufira una baridi kali, na waliojidai mashujaa walimaliza usiku wakikumbatia moto. Achukue na chandarua. Asiruhusu watoto kuoga penye majani na maji yaliyotulia, maana hapo ndipo wanapokaa konokono wenye kichocho. Hema isimamishwe mahali pa juu, na wavuvi waulizwe kwanza, kwani wao ndio wenyeji.

Asubuhi, ndege weupe walipokuwa wakitembea matopeni, mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani aliyelichimba ziwa hili. Tulifurahi kwa swali hilo. Hakuna aliyelichimba, lakini ni kazi ya watu. Zamani mto Lufira ulipita katika uwanda wa nyasi, kisha ukaanguka miambani kwa kishindo mahali palipoitwa maporomoko ya Cornet. Union Minière wakajenga ukuta juu ya maporomoko hayo, maji yakarudi nyuma yakafunika uwanda, na mwaka 1930 mitambo ya umeme ikaanza kuzunguka. Kwa hiyo ziwa ni pana, zaidi ya kilometa za mraba 400 linapojaa, lakini kina chake ni kidogo.

Yafaa kutaja majina. Jules Cornet, Émile Francqui na Lucien Bia walikuja Katanga katika msafara mmoja, kati ya mwaka 1891 na 1893. Bia alifia safarini. Cornet, mjuzi wa mawe, alipewa maporomoko. Francqui alipewa kituo cha umeme cha Mwadingusha. Naye Bia alipewa kituo cha Koni, kilichojengwa baadaye chini zaidi ya mto. Majina ya watu waliofukuzwa na maji katika uwanda ule hayakuandikwa ukutani.

Umeme huo ulitakiwa kwa nini? Kwa ajili ya shaba. Kiwanda cha Shituru, huko Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na kazi hiyo hula umeme kama moto ulavyo nyasi. Mitambo ilichakaa kwa miaka mingi, ikafanywa upya, na mwaka 2021 Mwadingusha ikarudi kutoa nguvu yake, kiasi cha megawati 78. Hata leo shaba ndiyo inayoihitaji zaidi. Katika vijiji vya wavuvi tulivyopita usiku, tuliona vibatari na mwezi tu.

Lakini maji hayakutoa tu, yalipokea pia. Mto Panda hupita Likasi, penye viwanda, kisha huingia Lufira, na Lufira huingia ziwani. Maji yanapofika mahali papana hupunguza mwendo na kutua mzigo wake. Mwaka 2010 wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza vipimo vyao vya bonde la juu la Lufira: shaba, kobalti na metali nyingine zimo katika matope, katika majani ya majini na katika samaki. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya nchi zenye maji zinazopaswa kulindwa duniani. Kuandikwa ni jambo jema. Matope hayajui kusoma.

Siku ya pili tulinunua kabambale watatu kwa mzee mmoja mvuvi, tukawapika kwa bukari. Vijana walikuwa wamekwisha kusikia habari ya metali, na mmoja akasukuma sahani yake. Akamwuliza mzee kwa adabu:

– Baba, samaki hawa si wabaya?

Mzee hakukasirika. Alisema kwamba watoto wake sita wamekula samaki wa maji haya tangu walipoachishwa maziwa, na kwamba wawili wanasoma Likasi kwa fedha ya samaki hao hao.

– Mkijua mahali pengine penye samaki, nionyesheni, nami nitahamisha mtumbwi wangu kesho.

Hakuna aliyemjibu. Yule kijana aliivuta tena sahani yake, akala nusu, na nusu akaiacha.